Sikiliza pedali kabla ya kufungua skrubu: kutoa hewa kwenye breki ukiwa peke yako

Bukavu, mji wetu wa milimani mashariki mwa Kongo, haina barabara tambarare ya kujaribia breki. Ukitoka nyumbani Muhungu au Cimpunda unateremka mara moja, na gari likikosa kusimama halina uwanja wa kupunguzia mwendo: mbele kuna gari lingine, ukuta, au mama aliyebeba bidoni la maji mgongoni. Ndiyo maana kazi hii nataka ifanywe vizuri hata na mtu aliye peke yake kwenye parseli yake (kiwanja cha nyumbani), asiye na wa kumkanyagia pedali.

Kosa ninaloliona kila mara ni lilelile. Mtu anahisi pedali imelegea, ananunua chupa ya mafuta ya freni, anafungua skrubu zote nne za kutolea hewa (mafundi wetu wanasema kupurje), chupa inaisha, na pedali iko vilevile. Ameanza na spana badala ya kuanza na mguu. Pedali ina namna kadhaa za kulalamika, na ni moja tu inayopona kwa kutoa hewa.

Mguu kwanza

Gari limesimama, injini imezimwa. Kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Hapo nguvu ya servo (kile chungu kinachousaidia mguu kwa upepo wa injini) imekwisha, na kinachofika mguuni sasa ni mafuta yenyewe. Kisha kanyaga tena kwa nguvu ya kawaida, shikilia, hesabu hadi thelathini.

Ikiwa inabonyea na kukurudishia mguu kama unakanyaga godoro, na ukiikanyaga harakaharaka inapanda, kuna hewa. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Nguvu yako inaishia kuminya mapovu, plaketi (vibao vinavyobana diski ya gurudumu) zinapata makombo.

Ikiwa inashuka chini sana lakini ikifika inagota mahali pagumu, halafu ukikanyaga mara ya pili inagota juu zaidi, usiguse mafuta bado. Gari lenye ngoma nyuma hufanya hivyo viatu vya breki vikiwa mbali na ngoma: mara ya kwanza mafuta yanakwenda kuziba pengo, mara ya pili ndipo yanapobana. Toa gurudumu, zungusha kile kigurudumu cha meno cha kurekebishia mpaka viatu viikwaruze ngoma kidogo tu, kisha pima upya. Watu wamemaliza chupa mbili wakitafuta hewa ambayo haikuwepo, kumbe meno matano ya marekebisho yangetosha.

Ikiwa inazama polepole chini ya mguu uliotulia, mafuta yanakimbilia mahali. Tafuta nje kwanza: upande wa ndani wa kila gurudumu, viungo vya mabomba, na pale masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) inaposhikana na servo. Pakiwa pakavu kote na kiwango kwenye kikopo cha mafuta ya breki hakipungui, basi mafuta yanapita ndani ya masta silinda yenyewe, pembeni ya mipira iliyochakaa. Utatoa hewa mpaka jioni. Ugonjwa hauko huko.

Ikiwa ni ngumu kama jiwe na gari halisimami, angalia servo. Kanyaga, shikilia, washa injini: pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, fuata mpira wa upepo unaotoka kwenye injini kwenda kwenye servo. Huenda umepasuka au umechomoka.

Chunguza mafuta yaliyomo kabla ya kuongeza

Kijana mmoja jirani yangu, dereva wa teksi, alinijia Jumapili moja asubuhi. «Yaya, freni iko inabana yenyewe. Mapine ya mbele iko inachoma kama jiko.» Yaya kwetu ni mkubwa wako. Alikuwa amekuja kuomba tutoe hewa. Nilifungua kifuniko cha kikopo na kukuta mpira wake wa ndani umevimba, umekuwa mkubwa kuliko kifuniko, umejikunja kama sikio. Nilichukua matone machache kwa bomba la sindano nikayadondoshea kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi ya breki huzama na kuchanganyika na maji, yanapotea. Yale yalielea juu, duara za manjano zinazong'aa. Kikopo kilikuwa kimejaziwa mafuta ya usukani.

Jaribio hilo la glasi linachukua dakika moja. Mafuta ya injini, ya giaboksi au ya usukani huvimbisha kila mpira wa breki za kawaida, na ukivimba haurudi. Kutoa hewa hakusaidii kitu: mabomba yanaoshwa na mipira yote inabadilishwa, ya masta silinda, ya magurudumu, pamoja na mipira mirefu inayopeleka mafuta. Ilimgharimu kijana yule siku za kazi, na alikuwa amefanya jambo ambalo aliambiwa na mtu mzima kwamba ni sawa.

Juu ya kifuniko cha kikopo pameandikwa aina inayotakiwa, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Hizo mbili na DOT 5.1 zinaweza kukutana bila madhara. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, ni ya silikoni, isiingie humo. Tofauti kubwa ni joto la kuchemka: DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Yakishanywa maji, kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 3 ni nyuzi 140 tu na DOT 4 ni 155. Mji wetu una mvua kuanzia Septemba hadi Mei, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka jana si mafuta tena ya kuamini. Nunua iliyofungwa, na usikubali yaliyomiminwa kwenye kichupa cha maji pembeni ya barabara.

Vifaa, na pa kusimamisha gari

Parseli zetu ziko kwenye miteremko, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko breki zenyewe. Tafuta sehemu iliyo sawa hata kama ni ya jirani. Weka jiwe kubwa au kipande cha gogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Jeki pekee haishikilii gari ambalo mkono wako umo chini yake: weka stendi, au gogo nene la mti mgumu, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya gari. Matofali ya kuchoma hapana, hupasuka ghafla. Na udongo ukiwa umelowa, weka ubao mpana chini ya jeki.

Kinachofanya kazi hii iwezekane kwa mtu mmoja ni mpira mmoja tu. Nenda kwa wauza vipuri vya pikipiki, omba ule mpira mwangavu wa petroli, mita moja. Unaingia kwa kubana kwenye skrubu za magari mengi, na unaona kila kinachopita ndani. Mipira ya serumu (dripu) ya famasia ni myembamba, inachomoka wakati uko ndani ya gari. Ongeza chupa safi ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko, spana ya duara (mara nyingi namba 8 au 10), bomba la sindano, kitambaa, na ndoo ya maji kwa sababu mafuta haya hula rangi ya gari. Yakidondoka, mwagia maji papo hapo.

Kazi yenyewe

Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Hapa inabidi kufikiri, maana magari yetu mengi yamekuja kutoka Japani na usukani kulia. Masta silinda iko upande wa dereva, kwa hiyo kwenye gari hilo anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Gari la usukani kushoto ni kinyume. Ukiwa na kitabu cha gari na kinasema vingine, fuata kitabu. Baadhi ya magari mabomba yake yamepishana kama herufi X na yana mpangilio wake.

Nyonya kwa sindano mafuta meusi yaliyo kwenye kikopo, jaza mapya. Osha skrubu kwa brashi na maji mpaka udongo uishe, ikaushe. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni: ndani ya masta silinda ya zamani kuna sehemu ambayo mipira haijawahi kufika, ina kutu, na ukisukuma hadi mwisho unaikwangua. Wengi wanaingia kwenye kazi hii wakiwa na hewa kidogo na kutoka wakiwa na pedali inayozama.

Sasa vaa spana kwenye skrubu kwanza, halafu mpira. Elekeza mpira juu kwanza kabla ya kuuteremsha kwenye chupa, na chupa itundikwe juu kuliko skrubu, iwe na mafuta mapya kiasi cha vidole viwili, ncha ya mpira imezama humo. Hapo ndipo siri ilipo: hewa hupenda kupanda, kwa hiyo ikishatoka inakaa kwenye upinde wa mpira, na ukiachia pedali kinachovutwa kurudi ni mafuta.

Fungua skrubu robo mzunguko, au nusu ikihitajika. Ingia ndani ya gari, injini imezimwa. Kanyaga polepole, achia polepole zaidi. Ukikanyaga kwa fujo unavunja povu moja kubwa kuwa mapovu mia madogo yanayong'ang'ania kwenye mabomba. Mara tano, kisha toka, angalia mpira, angalia kikopo, jazia. Kikopo kikikauka hata mara moja umerudi mwanzo kabisa, na masta silinda yenyewe imeingia hewa. Mafuta yakija safi bila povu, kaza skrubu, kisha ndipo uvue mpira.

Wapo wanaotumia fimbo kati ya kiti na pedali, wanaibana, wanakwenda kufungua skrubu, wanafunga, wanarudi. Inafanya kazi, ila inachosha. Fimbo naitumia kwa jambo lingine: unapobadilisha mpira au kalipa (kile kibanio chenye plaketi na pistoni ya kuzisukuma), bana pedali ishuke kidogo tu na uiache hivyo. Njia ya mafuta kutoka kwenye kikopo inazibwa, na hakidondoki mpaka kukauka.

Mapovu hayaishi

Yatazame kwa karibu. Hewa ya ndani ya breki inakuja kwa mafungu, povu kubwa, dogo, kimya, kubwa tena, na inapungua. Mapovu madogo ya ukubwa mmoja, yanayotokea palepale kwenye skrubu kila unapoachia pedali, hayatoki ndani: yanaingia kupitia meno ya skrubu uliyoifungua. Punguza ufunguzi, na paka grisi ya breki (si ya beringi) kuzunguka mzizi wa skrubu. Pia kagua kama mpira umebana vizuri.

Hakuna kinachotoka

Toa skrubu nzima. Ikiwa kifuniko chake kidogo cha mpira kilipotea zamani, tundu limejaa udongo uliokauka. Lizibue kwa waya mwembamba. Mafuta yakitoka baada ya skrubu kutolewa, lilikuwa hilo tu. Yasipotoka, fungua kiungo ambapo bomba la chuma linaingia kwenye mpira mrefu: yakitiririka pale, mpira umeziba kwa ndani ingawa nje unaonekana mzima.

Kwenye Hilux nyingi na magari mengine ya mizigo kuna vali karibu na ekseli ya nyuma inayopunguza breki gari likiwa tupu. Ukiinua gari kwa fremu, ekseli inaning'inia, vali inadhani hakuna mzigo, na mafuta ya nyuma yanakuwa machache mno. Egemeza ekseli yenyewe kwenye magogo ili chemchemi zibonyee. Vali hiyo mara nyingi ina skrubu yake ya kutolea hewa, nayo husahauliwa.

Skrubu haifunguki

Usilazimishe. Spana ya mdomo wazi itazungusha kona zote, na skrubu ikikatikia ndani ya kalipa umenunua kalipa. Weka mafuta ya kulegeza kutu, gonga taratibu kwa nyundo ndogo, acha usiku mzima. Asubuhi jaribu kwanza kukaza kidogo, kisha legeza. Wakati wa kufunga, mkono mmoja unatosha. Skrubu hii ni ndogo na ina tundu katikati.

Umemaliza kila kitu, bado ni laini

Hapa nitakaa, kwa sababu nilipoteza siku mbili nzima. Gari langu, Corolla, lilikuwa limewekewa kalipa za mbele zilizotumika. Pedali laini. Nilizunguka magurudumu yote manne mara tatu, mafuta yakitoka safi, bila povu moja, na pedali inabonyea vilevile. Siku ya pili jioni nilichuchumaa mbele ya gurudumu kuvaa kile kifuniko cha mpira, nikaona nakivaa kwa kuinamisha mkono chini. Skrubu ilikuwa chini ya kalipa.

Skrubu ya kutolea hewa lazima iwe juu kabisa, kwa sababu hewa inakaa juu. Fundi aliyefunga zile kalipa alikuwa amebadilisha pande: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Zinaingia bila shida, boliti zote zinakubali, breki hata zinashika kiasi. Ila juu ya pistoni kunabaki hewa ambayo haitatoka kamwe. Nilizibadilishana pande, nikatoa hewa mara moja, pedali ikawa juu na ngumu. Kwa hiyo gari lolote lililowekewa kalipa karibuni, angalia hilo kabla hujanunua hata tone la mafuta.

Kama skrubu ziko juu, mwambie mtu akanyage kwa nguvu jioni akija, wewe shika mipira mirefu mkononi mmoja baada ya mwingine. Unaovimba kwenye kiganja ndio unaokula mkanyago wako. Ukiwa na nyufa, usingoje.

Magari yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga ghafla) yanakubali njia hii yote mradi kikopo hakikukauka. Hewa ikiingia kwenye kitengo chenyewe cha ABS, magari mengi yanahitaji kompyuta ya kuamrisha vali zake zifunguke. Magari ya haibridi kama Prius breki zake huendeshwa kwa umeme; hayo usiyaanze bila kompyuta.

Gurudumu limebaki limebana

Fungua skrubu ya gurudumu hilo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limefungiwa. Kama ni gurudumu moja tu, mpira wake umevimba ndani na unapitisha mafuta kwenda bila kuyarudisha. Kama ni yote, tafuta juu: fito ya pedali isiyo na nafasi, au mipira ya masta silinda iliyovimba kama ya yule kijana. Mafuta yakitoka na gurudumu halikuachia, ni kutu kwenye pistoni au kwenye pini za kalipa.

Nzuri nyumbani, inakufa mteremkoni

Anayekwenda mji wa Uvira anateremka mlima wa Ngomo kutoka mwinuko wa Bukavu, karibu mita 1,500, hadi joto la bonde la Ruzizi. Akishuka kwa kutegemea breki peke yake, gia ya juu, plaketi zinachemsha mafuta. Maji yaliyonywewa yanageuka mvuke ndani ya kalipa, na mvuke unabanwa kama hewa: pedali inakwenda chini ghafla. Ikipoa inarudi, ndiyo maana ukifika nyumbani hukuti kosa. Hayo ni mafuta ya zamani. Badilisha yote, magurudumu yote manne. Miaka miwili ni muda wa kutosha kwa mafuta kukaa ndani.

Lakini pedali ikibaki juu na ngumu huku gari haliachi kukimbia, na kuna harufu kali ya kuungua, mafuta hayana hatia. Plaketi zenyewe zimezidiwa na joto. Kwa vyote viwili, teremka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo.

Kabla ya kutoka getini

Jazia kikopo hadi alama ya juu, isipite. Rudisha vifuniko vya mpira kwenye skrubu. Washa injini, kanyaga kwa nguvu zako zote kwa dakika moja, zima, kisha pitisha kidole kikavu chini ya kila skrubu. Hakikisha breki ya mkono inashika, kwa sababu kwenye magari mengi inakwenda kwa waya na haitegemei mafuta. Ndani ya parseli, kwa mwendo wa mtu anayetembea, simamisha gari mara kumi, mkono ukiwa kwenye breki ya mkono.

Mafuta ya zamani yafunge kwenye bidoni na uandike juu yake, maana ni sumu na watoto wanazijua chupa za soda. Usiyamwage kwenye mtaro. Mtaro wa mlimani kwetu unaishia ziwani.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama kikopo na ardhi nyuma ya kila gurudumu. Kiwango kiko palepale na pamekauka: kanyaga mara moja, sikia inagota juu, ndipo ufungue geti na uteremke.